Jitu la Jinja na Handaki la Mbale

Mwaka 2003 seva ya ofisi yetu mjini Jinja ilikuwa na prosesa mbili, lakini saa za kazi niliona moja ikihangaika na nyingine ikingoja. Tulitumia mfumo endeshi wa FreeBSD 4, ambao kerneli yake nzima ililindwa na kufuli moja. Toleo la 5 lililipa jina Giant, yaani Jitu. Prosesa iliyolishika iliingia. Mwenzake alibaki mlangoni.

Toleo la 5.3, la Novemba 2004, nililingoja kwa hamu. Robert Watson na wenzake wa mradi wa FreeBSD walikuwa wameutoa mtandao chini ya Jitu: soketi zikapata makufuli yake, jedwali la njia lake, foleni za kadi zikapata yake. Ugumu haukuwa kuongeza makufuli, bali kupanga lipi lishikwe kwanza. Uzi mmoja ukishika la soketi huku ukitaka la jedwali, na mwingine ukashika la jedwali huku ukitaka la soketi, zote mbili hukwama hapohapo. Ndiyo maana kerneli ile ina WITNESS, chombo kinachokumbuka mpangilio na kupiga kelele unapovunjwa. Hadi leo nakistahi.

Nilisakinisha usiku. Kwenye mistari ya kuwaka nikakuta onyo: mtandao umerudishwa chini ya Jitu kwa sababu ya IPsec, itifaki ya kulinda data njiani. Tawi letu la Mbale lilileta hesabu zake kwa handaki la IPsec, na msimbo ule, uliotoka mradi wa KAME wa Japani, haukuwa tayari. Kijia chembamba cha kutoka Mbale, chini ya mlima Wanale, kikaipanga foleni ofisi nzima ya Jinja. Niliona ni haki: heri hesabu zichelewe kuliko ziharibike. Msimbo mwingine, wa Sam Leffler, ulikuwapo, ila wakati ule haukuhudumia IPv6, ambayo tuliihitaji.

Basi nikachukua kompyuta kuukuu ya prosesa moja, nikaipa handaki peke yake, kisha nikashika barabara ya Tirinyi kwenda kurekebisha upande wa Mbale.

Februari 2008 likaja toleo la 7.0. Msimbo wa KAME ukaondolewa, wa Leffler ukashika nafasi yake, sasa pamoja na IPv6. Nikalirudisha handaki kwenye seva kubwa, nikasoma mistari ya kuwaka mara mbili. Onyo halikuwepo. Nikampigia fundi wa Mbale.

“Kaka, tuma hesabu.”

Akatuma. Nikatazama prosesa zote mbili zikifanya kazi.