Mwizi Asiye na Jina

Riwaya yangu imekwama sura ya tisa, na aliyeikwamisha ni mwizi. Si mwizi wa kuku wala wa kuvunja dirisha. Mwizi wangu huvaa suti, huingia benki kwa mlango wa mbele, husaini karatasi mbili tatu na kutoka na mabilioni, huku mlinzi akimfungulia mlango wa gari. Nimemjengea nyumba ya ghorofa, nimempa na nyumba ndogo mjini. Kilichonishinda ni kumkamata.

Sisi tuliojifunza uandishi kwa kusoma vitabu vilivyopita mikono hamsini kabla ya kufika Wasso, vingine vikiwa vimepoteza jalada njiani, walimu wetu walikuwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Humo mhalifu hana pa kukimbilia. Ukurasa wa mwisho ukifika, ama amekufa ama yuko mikononi mwa dola, nawe unafunga kitabu roho imetulia, unalala. Nami nilitaka msomaji wangu alale. Kosa ni la kisa nilichokitwaa kuwa mfano, maana ni kisa cha kweli, na kisa cha kweli hakina adabu ya riwaya.

Kisa chenyewe ni EPA, ile akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Wakati sakata linalipuka mimi nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, kwa hiyo nimelisoma baadaye, kipande hapa kipande pale. Hebu nilieleze kwa kifupi, kwani wengi tunalitaja jina tu.

Miaka ile nchi ilipokosa fedha za kigeni, mfanyabiashara aliyeagiza mali ng'ambo alilipa shilingi zake benki, kisha benki itafute dola za kumlipa muuzaji wa huko. Dola hazikupatikana. Shilingi zikakaa, deni likakaa, miaka ikapita. Sasa mdai anaruhusiwa kumhamishia mtu mwingine deni lake, kwa hati, na huyo mwingine akaja kulidai. Hapo ndipo mlango ulipobaki wazi. Katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zilikwenda Benki Kuu na hati za namna hiyo, zikalipwa kiasi cha shilingi bilioni 133. Wakaguzi wa Ernst & Young walipochungulia, wakakuta kampuni 13 zilichukua zaidi ya bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi, na tisa zilichukua bilioni 42 na ushei bila nyaraka za kutosha za kuhakikishia uhalali wake. Moja tu kati ya hizo, Kagoda, iliyoandikishwa Septemba 2005, ilijichotea bilioni 40 hivi.

Bilioni 40! Kwetu huku Loliondo tuna kipimo chetu. Mwaka 2011 dunia nzima ilimiminika Samunge kwa Babu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe, na kikombe kilikuwa shilingi 500. Basi fedha za Kagoda zingenunua vikombe milioni 80. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu Watanzania wapatao milioni 45. Kila mmoja wetu angekunywa, mpaka mtoto wa mgongoni, na watu milioni 35 wangerudia.

Sasa tuje kwenye kukamatwa. Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa alisimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya aliowaita mafisadi. Kelele zikawa kubwa. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana, Daudi Ballali, aliyekuwa Marekani kwa matibabu. Mei mwaka huohuo Ballali akafariki hukohuko. Hakufika mbele ya hakimu, hakushitakiwa, hakujitetea. Hatuna haki ya kumwita mwizi, na aliyekuwa na ushahidi wa kumsafisha naye hakupata pa kuutoa. Ndiyo maana kijiweni mpaka leo utamkuta mtu anabisha kwamba hakufa. Habari isiyotolewa hadharani, mtaa utaitunga wenyewe.

Agosti 2008 Rais akalihutubia Bunge: waliochukua warudishe hadi Oktoba 31, atakayekaidi atapelekwa mahakamani. Fedha nyingi zikarudi kweli, makumi ya bilioni, na tukaambiwa sehemu yake itakwenda kwenye kilimo. Novemba watu wakaanza kupandishwa Kisutu. Mwaka 2011, wakati sisi tunapigana vikumbo na magari ya Samunge, wawili kati yao wakafungwa miaka mitano. Na Kagoda? Hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa bilioni zile 40. Nani aliyekwenda kuzipokea, kwa niaba ya nani, zikanunua nini, hayo hayajasemwa mahakamani.

Wiki chache zilizopita niliwasomea sura zangu nane vijana wa kijiwe cha bodaboda, pale jirani na barabara iendayo hospitali. Walisikiliza vizuri, walicheka penye kuchekesha. Nilipowauliza mwizi aishie vipi, mmoja wao, kijana tuliyemaliza naye kidato cha nne, akasema bila hata kufikiri: "Aishie vipi nini, kaka? Agombee ubunge." Wakaangua kicheko. Kisha akaongeza, safari hii hacheki: "Ukiiba, iba kubwa. Wadogo ndio tunaofungwa."

Maneno hayo yalinikaa kooni kama mfupa wa sato. Maana kijana yule si mwizi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakabidhi hesabu ya mwenye pikipiki kila jioni, hajawahi kupunguza hata mia. Lakini ndivyo alivyofundishwa na nchi yake, naye amefaulu somo. Hasara ya EPA kwa macho yangu haikuishia kwenye zile bilioni 133. Ile mia anayoirudisha kila jioni, siku moja ataanza kujiuliza anairudisha kwa nini.

Nikamkumbuka mama mmoja wa kikoba cha shangazi yangu. Jina lake nalihifadhi. Kikoba chao kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, hivyo hakuna awezaye kulifungua peke yake. Mama huyu alikuwa mweka hazina. Akapokea marejesho ya mikopo katikati ya wiki, kabla ya siku ya sanduku, laki tatu na arobaini, akalipia ada ya mwanawe. Siku ya kikao ikafika, fedha hakuna. Kinamama hawakumwita polisi. Walimsimamisha chini ya mti akaeleza mwenyewe, toka mwanzo: alipokea kwa nani, akapeleka wapi, atalipa lini. Shangazi ananiambia kulikuwa kimya, hata watoto walinyamaza. Alilipa kwa miezi minne. Uweka hazina akavuliwa, uanachama akabaki nao. Leo ukipita sokoni utamkuta anauza nyanya na watu wanamwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia akiwa amekutazama usoni.

Na kwa ndugu zetu Wasonjo, Wabatemi, jambo hili ni la kale. Maji ya mifereji yao hugawiwa kwa zamu chini ya wazee wa baraza, wenamiji, na anayevunja utaratibu hutozwa mbuzi. Mbuzi hatembei gizani. Anaswagwa mchana, kijiji kinaona ametoka boma gani na kosa ni lipi.

Nasema haya kwa sababu nilikuwa miongoni mwa wanaodai kwamba dawa ni jela tu. Sasa nauliza swali jingine. Kikoba kilisamehe jela, na Serikali ilisamehe jela waliorudisha. Kwa nini basi huku watu waliridhika na kule wakabaki na kinyongo? Kwa sababu kikoba kilidai maelezo kwanza, ndipo fedha. Kule zilirudi fedha, maelezo yakabaki kabatini. Ni mbuzi aliyeletwa usiku, akafungwa mtini, na asubuhi tukaambiwa tusiulize ni wa nani.

Mambo yamejirudia. Mwaka 2014 ikaja Escrow ya Tegeta, zaidi ya bilioni 300 kutoka akaunti iliyokuwa Benki Kuu hiyohiyo. Safari hii Bunge lilijadili mchana, ripoti ikasomwa, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akajiuzulu. Wafanyabiashara wawili wakashitakiwa mwaka 2017. Mwaka 2021 wote wakawa wametoka: mmoja kwa makubaliano na waendesha mashitaka, mwingine kwa kufutiwa kesi. Kwa hesabu ya jela utasema ni yaleyale. Lakini kwa Escrow tunajua angalau baadhi ya waliopata, kiasi gani, kupitia benki gani. Hiyo ni hatua, japo ni ya kinyonga.

Na hata wakubwa wa dunia hawatuzidi sana. Novemba 2015 mahakama mjini London iliidhinisha makubaliano na Standard Bank, kwa kushindwa kuzuia rushwa katika mkopo wa dola milioni 600 uliotafutiwa Tanzania. Benki ikalipa, na dola milioni 7 zikarudi kwetu. Hakuna aliyefungwa London kwa makubaliano hayo. Lakini maelezo ya tukio zima, mkutano kwa mkutano, yaliandikwa na kuwekwa wazi. Hata mimi wa Wasso naweza kuyasoma. Baada ya zahama ya mabenki ya mwaka 2008, Aisilandi iliwafunga vigogo wa benki zake, wakati Marekani benki ziliandika hundi za faini na wakubwa wakaenda kulala kwao. Kila nchi ilichagua somo la kuwapa vijana wake.

Wenzangu mnaoandika, hapa ndipo penye kazi yetu. Hatuna pingu wala rungu. Kumpa mwizi wangu risasi ukurasa wa mwisho ni rahisi, nami nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili ilisomeka kama ndoto ya mtu aliyeshindwa. Msomaji wa leo hatadanganyika. Anajua yule bwana yuko hai, ana afya, na Jumapili anatoa sadaka nene.

Kwa hiyo nimebadili swali. Siulizi tena nani atamkamata. Nauliza nani alikuwepo: karani aliyepokea hati na kuona saini haifanani, dereva aliyesubiri nje, katibu muhtasi aliyechapa barua. Watu hawa wapo katika kila wizi wa kalamu. Hawakuiba, na hawakuulizwa. Sura ya tisa nimempa karani. Mkuu wake anamwambia apige mhuri, naye anapiga, kisha jioni anafika nyumbani na mkewe anamuuliza mbona hali. Ndipo anaanza kusema, toka mwanzo: nani alileta, nani alisaini, saa ngapi.

Nimeshamaliza kurasa kumi na moja, na bado anaongea. Jumamosi nitawapelekea vijana wa kijiweni. Yule aliyeniambia niibe kubwa ndiye nitakayempa asome kwa sauti.