Tulipokuwa na Parkipuny

Zamani, mgogoro wa ardhi ukizuka Ngorongoro, watu walimtafuta Lazaro Moringe ole Parkipuny. Siku hizi sijui wamtafute nani.

Alianza kama mtu wa mradi. Miaka ya 1970, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya kazi katika mradi wa malisho wa Umasaini uliofadhiliwa na Marekani. Wataalamu walitaka ranchi na soko la nyama. Yeye akawauliza ardhi itabaki ya nani. Alipopelekwa Marekani kujifunza ufugaji wa huko, alikwenda kwa Wanavajo, wenyeji asilia wa nchi hiyo, akakuta kilio chao ni kile kile cha kwao.

Kisha akawa mbunge wa Ngorongoro, 1980 hadi 1990. Alibeba bungeni machungu ya 1959, Wamasai walipohamishwa Serengeti wakaahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na wanyamapori, na ya 1975, kilimo kilipopigwa marufuku humo. Agosti 1989 alisimama Geneva, kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa, akasema wafugaji na wawindaji wa Afrika nao ni jamii asilia zenye haki zao. Aliporudi akaanzisha KIPOC, miongoni mwa mashirika ya kwanza ya wafugaji nchini.

Alikuwa daraja, na daraja hukanyagwa na kila apitaye. Serikalini alionekana mkorofi, na wahifadhi walimwona kikwazo. Hata hivyo, wote walilazimika kumsikiliza, kwa kuwa alizijua sheria zao kama alivyoyajua malisho ya wazee wake.

Mwaka 1992 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu Loliondo, wilayani Ngorongoro. Mwaka 2007 Tanzania ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Jamii Asilia, linalodai ridhaa ya watu kabla hawajahamishwa. Parkipuny akafariki 2013. Juni 2022 vigingi vikapandwa Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya uhifadhi. Wananchi wakajeruhiwa, na askari polisi mmoja akauawa. Mwaka huo huo kaya za Ngorongoro zikaanza kupelekwa Msomera, Handeni.

Leo tuna mashirika, wanasheria na makongamano mengi kuliko enzi zake, lakini wananchi wanaitwa mezani ramani ikiwa imekwisha kuchorwa. Viongozi wetu na ninyi wawekezaji, nendeni kwa wazee kwanza, kabla ya kigingi cha kwanza. Tulipiga kura ya ndiyo, tuitimize.