Mlinzi wa Usiku Katika Mashamba ya Kilosa

Msafiri atokaye Morogoro kwenda magharibi kwa Reli ya Kati, nchini Tanzania, hufika Kilosa baada ya kuyapita mashamba ya katani na tambarare za mahindi. Mto Mkondoa hupita hapo, na ng'ambo yake husimama milima. Nchi hiyo ina rutuba, lakini imo katika ukanda ambao viwavijeshi huzuka mapema mvua zianzapo, kabla nondo wao hawajachukuliwa na pepo kuelekea kaskazini, hata Kenya na Ethiopia.

Jina hilo hawakupewa bure. Kiwavi mchanga hujificha jani, wala mwenye shamba hamwoni. Wakishakuwa wengi hugeuka weusi, wakasonga kwa safu wakila mahindi, mtama, uwele, mpunga na nyasi za malisho, maharagwe huyaacha. Kiwavi huishi kama majuma mawili au matatu, na ulafi wake mkubwa ni wa siku za mwisho. Basi mama apigaye yowe alfajiri kwa kuuona weusi huo shambani, mara nyingi amekwisha chelewa. Baada ya siku chache viwavi huzama udongoni, na kilichobaki ni mabua.

Tahadhari zilikuwa zikitolewa na kituo cha taifa kilichopo Tengeru, karibu na Arusha, kwa kukusanya hesabu za mitego ya mikoani. Lakini habari hutembea polepole kuliko nondo. Kwa hiyo mwaka 2001 baadhi ya vijiji vya Kilosa vilianza kujitabiria vyenyewe: kila kijiji mtego wake, kipimamvua chake, na wakulima wa kuvitunza.

Mtego wenyewe ni ndoo ya plastiki yenye funeli na kifuniko, iliyotundikwa juu ya mti. Ndani yake mna kipande kidogo cha mpira kilichotiwa dawa inayoiga harufu ya nondo jike. Dume huifuata gizani, akatumbukia. Jike hanaswi, yuko nje akitaga. Kwa hiyo anakosea adhaniye kwamba mtego huliokoa shamba. Ni mlinzi wa lindo, si kikosi cha mapambano.

Asubuhi mtunzaji huwahesabu madume na kuandika daftarini, kisha huipima mvua ya usiku. Nondo wengi pamoja na mvua ni ishara mbaya, kwani dhoruba huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja. Hapo habari hupelekwa mkutanoni, shuleni, msikitini na kanisani, na kila mtu huenda kupekua majani ya mahindi yake kabla viwavi hawajakua.

Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ni mdudu mwingine, na chambo chake ni kingine.

Kazi hiyo ina uchovu wake, na askari aliyewahi kushika zamu ataufahamu. Majuma mengi daftari huwa na sifuri tupu. Tena kuna sifuri za namna mbili: ya nondo kutokuwapo, na ya chambo kilichokwisha harufu. Daftarini zote hufanana. Ndiyo maana mtunzaji makini huandika tarehe aliyokiweka kile kipande cha mpira, na mwezi ukitimia hukibadilisha, hata kama hakuna nondo aliyeingia.