Miguu Iliyooshwa Nyumbani

Mimi ni mwalimu wa zamani, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto katekisimu hapa Bukavu. Nikiwauliza: Vilele vya dhambi ni vingapi? wote hupaza sauti: Ni saba! Na cha kwanza ni kipi? Majivuno! Mimi hufurahi kusikia wanavyojibu vizuri. Na moyoni najisemea kwamba wanajibu vizuri kwa sababu nimewafundisha mimi.

Mnaijua ibada ya Alhamisi Kuu. Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha mitume miguu, kazi ya mtumishi. Zamani ibada hiyo ilifanywa nje ya Misa. Tangu mwaka 1955, kwa amri ya Papa Pio wa 12, yaweza kufanywa ndani ya Misa ya jioni. Lakini walioitwa walikuwa wanaume tu, mpaka mwanzo wa mwaka 2016, Papa Fransisko aliporuhusu wanawake nao wachaguliwe.

Mwaka ule Padri wetu alichagua watu kumi na wawili, na mimi nikawa mmoja wao. Nikamwambia, “Padri, sistahili.” Angalinijibu, “Kweli, hustahili,” ningalikasirika siku tatu. Ilipofika tarehe 24 Machi, nikaosha miguu yangu nyumbani kwa sabuni, mara mbili, nikakata kucha, nikavaa soksi mpya. Mke wangu akaniuliza, “Sasa, baba, Padri ataosha nini?” Sikumjibu.

Kanisani nikakuta karibu yangu ameketi mama mmoja wa wale wabeba mizigo. Ninyi mnaokaa mbali pengine hamjawaona. Ni wanawake wanaofunga gunia kwa kamba, kamba wakaipitisha kwenye paji la uso, wakapanda nalo milima yetu wakiwa wameinama. Nilimtambua mara moja. Miezi michache mbele ya hapo alinibebea gunia la unga wa mihogo toka soko la Kadutu hadi kwangu. Tulikuwa tumepatana franka 1000. Tulipofika nikampa 600, nikasema gunia halikuwa zito. (Mimi mwenyewe sikuweza kulinyanyua.) Aliposimama mlangoni kudai haki yake, nikamwambia, “Unajua unasema na nani?” Akaenda zake.

Padri akapiga magoti mbele yake. Miguu ile ilikuwa imepasuka visigino, na udongo umeingia ndani ya mipasuko. Akaiosha polepole, akaongeza maji, akaifuta. Kisha akaja kwangu. Akamwaga maji kidogo, akafuta, akapita. Ilikuwa kazi ya dakika moja, kwani hapakuwa na kitu cha kuosha. Waimbaji wakaendelea kuimba, nami nikatazama chini mpaka mwisho wa Misa.

Jumanne ya Pasaka nikashuka Kadutu na franka 400 mkononi. Njiani nilitengeneza maneno yangu vizuri, maana hata kuomba radhi nilitaka kuomba kama mwalimu. Nikamkuta, nikamwambia, “Mama, mimi ndiye yule aliyekupunguzia malipo yako.”

Akanitazama sana usoni.

“Unisamehe, papa,” akasema, “sikukumbuki. Wanaonipunguzia ni wengi.”

Akazihesabu zile franka, akazifunga katika pindo la kitenge chake, akainama chini ya gunia la mtu mwingine.