Kisu cha Shingoni

Msomaji mpenzi, nakuomba radhi mapema. Umezoea kunisoma nikizungumza juu ya vina na mizani, au juu ya taabu za mfasiri anayepigana na neno lisilotaka kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Leo nitazungumza juu ya kisu. Wala si kisu cha tarehe au cha ushujaa. Ni kisu kidogo kisichokunjwa, bapa lake halipiti urefu wa kidole changu cha kati, nacho kinaning'inia shingoni mwangu hivi ninavyoandika.

Miaka miwili iliyopita nilipatwa na kiharusi. Mguu ulipata nafuu, na ulimi ulirudi, nami nikamshukuru Mola zaidi kwa huo ulimi kuliko kwa mguu. Mkono wa kulia haukurudi. Upo, una joto, unaniuma usiku kama mkono wowote, lakini vidole havishiki. Mimi sikupita chuo. Kamusi ndiyo iliyonisomesha, na kila neno nililolijua nililinakili kwa mkono huo. Nilidhani kilio changu kikubwa kingekuwa kalamu. Kumbe kalamu ina subira, na mkono wa kushoto ukajifunza kuandika, kwa hati ya mtoto wa darasa la kwanza. Kilichonishinda ni chungwa.

Jioni moja mama watoto alikuwa amekwenda msibani, nami nimekaa peke yangu ukumbini na sahani ya machungwa. Nilikuwa na kisu changu cha mfukoni, cha kukunja, rafiki wa miaka mingi. Jaribu, msomaji, kukifungua kisu cha namna ile kwa mkono mmoja. Nilikibana kwa magoti, nikakivuta kwa kucha, kikafunguka. Na nilipokikandamiza juu ya ganda la chungwa kikajikunja chenyewe, kikanipata kidole cha shahada. Alipokuja mama watoto alinikuta nimejifunga kitambaa, na machungwa yote yamo sahanini vilevile. Hakusema neno. Alikaa akanimenyea moja, akalikata vipande, akaniwekea mbele yangu kama anavyowekewa mtoto. Lilikuwa tamu, nami sikuweza kulimaliza.

Usiku ule ndipo nilipomkumbuka baba.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Kojani, na baharini alikuwa na kisu kidogo shingoni, ndani ya ala ya ngozi, kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Wenzake waliweka visu vyao kiunoni au chini ya ubao wa chombo. Yeye alitueleza sababu yake mara moja tu. Ujanani kamba ya nyavu ilimnasa mguu ikamvuta majini, kisu kikiwa kiunoni chini ya msuli uliolowa, na mkono mmoja umeng'ang'ania ubavu wa chombo. Mwenzake ndiye aliyeikata kamba. Tangu siku ile akakitoa kisu kiunoni akakipandisha kifuani. Jambo moja lilinistaajabisha nilipokuwa mdogo: kisu kile kilikaa juu chini, mpini ukitazama kitovu. Nilimwuliza kwa nini hakianguki. Akacheka, akanijibu kuwa nitafahamu siku nitakayokuwa na mkono mmoja.

Hakuwa akinitabiria. Alikusudia mkono mmoja wa baharia, kwani wa pili daima umeshika kitu. Baba alifariki kitandani kwake, kisu kikabaki msumarini nyuma ya mlango. Ami yangu akakichukua, akaenda nacho baharini, hakikurudi. Wakati huo sikuona hasara. Kilikuwa kipande cha chuma chenye kutu.

Basi nikaanza kutafuta kisu cha shingoni. Jirani yangu, aliyekaa Muscat miaka mingi, alinishauri jambia. Nilimshukuru, lakini jambia ni kitu cha heshima. Waomani wamelitia hata katika bendera yao, na mahali pake ni mbele ya mshipi, juu ya kanzu, siku ya harusi au ya baraza. Sijapata kumwona mtu akimenya chungwa kwa jambia. Mjini niliviona visu vya jikoni, vyepesi na vikali, ila vyote havina ala. Na kisu kisicho na ala hakivaliki.

Mwezi wa Julai tulikwenda Karatu kumtazama binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, ameolewa na kijana wa Kiiraqw. Sisi watu wa pwani tukipanda ule ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu hufunga vifungo vyote vya koti. Baridi ya Karatu mwezi huo haina mzaha. Nilimweleza mkwe wangu haja yangu. Hakucheka, nami nikampenda kwa hilo. Akanambia, "Baba, hapa kila mtu ana kisu chake. Tutavitazama vyote."

Tukaanza na duka la vifaa mjini. Mwenye duka alinitolea kisu cha kiwandani chenye ala ya plastiki na mnyororo wa chuma. Kilikuwa kizuri, na chuma chake hakishiki kutu, jambo ambalo sisi tunaokaa na upepo wa chumvi hatulidharau. Nilikivaa, nikakivuta kwa mkono wa kushoto. Kisu na ala na mnyororo vikaja juu pamoja mpaka kidevuni. Ala ilikaa na mdomo wake juu, kwa hiyo mwenye kuvuta lazima aishike kwa mkono wa pili. Nilijaribu mara tatu, na mara ya tatu mwenye duka akanyoosha mkono wake ili anishikie ala. Nikamrudishia kisu chake kwa adabu.

Hapo ndipo nilipolifahamu jibu la baba. Kisu kikielekea chini, uzi wa shingo ndio unaoishika ala. Mtu huvuta kwenda chini, shingo huzuia, na kisu hutoka kwa mkono mmoja. Ule uzi unafanya kazi ya mkono wa pili. Nilisimama mbele ya duka, nikamwambia mkwe wangu kwamba nimejibiwa swali lililonikaa zaidi ya miaka arobaini.

Siku ya pili tukapanda Ngorongoro. Njiani vijana wa Kimaasai walisimama na ng'ombe wao, kila mmoja na sime kiunoni katika ala nyekundu. Sime ni silaha ya mtu anayelala porini na mifugo, nayo imekaa mahali pake hasa; ukiipandisha shingoni itakugonga magoti. Palikuwapo pia zile fupi zilizopambwa kwa shanga, za kuuziwa wageni. Nilishika moja, nikajaribu makali yake kwa ukucha, yakateleza. Ilikuwa pambo, na mimi pambo silihitaji.

Tukateremka mpaka Oldupai, ndani ya eneo hilo hilo la hifadhi. Wengi wetu tunakumbuka kutoka shuleni kwamba hapo ndipo Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Mimi nilisimama zaidi mbele ya vijiwe vya jumba la makumbusho. Ni vibanzi vilivyobanduliwa kwa kugonga jiwe juu ya jiwe, na watu wa kale, karibu miaka milioni 2 iliyopita, walikatia nyama kwa vibanzi hivyo; alama za makali yake zimebaki katika mifupa. Vingi vinaenea katika kiganja. Mawe mengine hayakuwa ya pale walipokatia nyama. Yalichukuliwa kutoka kilima cha Naibor Soit, mwendo wa kilomita kadhaa. Nikawaza juu ya mtu yule wa kwanza, aliyebeba makali yake mkononi njia nzima kwa kuwa hana ala wala uzi, na mkono mmoja ukapotea kwa kubeba. Huenda tangu wakati huo tunatafuta mahali pa kukiweka kisu ili mkono ubaki huru.

Siku ya tatu mkwe wangu akanipeleka Mang'ola, kiasi cha kilomita 50 kutoka Karatu, karibu na Ziwa Eyasi. Ukishuka huko baridi inakwisha, vumbi linaanza, na mashamba ya vitunguu yanakuja mbele yako kijani kibichi, yakinyweshwa kwa maji ya chemchemi. Huko wanakaa wahunzi wa Kidatoga. Wao huyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya maji ya shaba wakafanya bangili, na misumari wakaifua kuwa vichwa vya mishale, ambavyo Wahadzabe huvichukua kwa kubadilishana na asali. Katika kijiji kama hicho mtu husikia Kiiraqw, Kidatoga, Kihadzabe na Kiswahili, lugha za asili nne mbalimbali, chini ya mgunga mmoja. Kwa mfasiri hiyo ni karamu; lakini siku ile nilikuja kama mteja.

Mhunzi alikuwa mzee wa rika langu, ameketi chini, kijana wake akivukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Tuliamkiana. Kijana ndiye aliyekuwa akituvusha kutoka Kidatoga kuja Kiswahili. Swali la kwanza la mzee halikuwa juu ya urefu wala bei. Aliuliza, "Mzee mwenzangu anataka kukata nini?"

Katika maisha yangu nimeulizwa maswali mengi na watu wa elimu, na machache yalikuwa mazuri kama hilo. Nikamjibu kweli tupu: chungwa. Kijana alisita kulifasiri, akidhani hakusikia vizuri. Nikalirudia neno, nikaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili mzee auone. Akauangalia kwa muda, kisha akanyoosha mkono akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayekagua chombo kilichovunjika. Akausikiliza mkono wa kushoto pia, akanitaka nimshike kiganja kwa nguvu zangu zote.

Alichukua kipande cha springi ya gari. Alikifua kikawa chembamba, akasema, kupitia kwa kijana, kwamba mkono usio na nguvu hutaka bapa jembamba, kwa sababu bapa nene hupasua na jembamba hukata. Akakitumbukiza upande wa makali tu katika mafuta machafu ya injini, mgongo akauacha upoe wenyewe, ili makali yawe magumu na mgongo usivunjike. Akakinoa pande zote mbili sawasawa; alieleza kuwa visu vinavyonolewa upande mmoja hufuata mkono wa kulia, na mimi si mtu wa kulia tena. Aliyasema hayo bila huruma yoyote, kama anayetaja rangi ya ngozi yangu, na tangu niugue sikuwa nimelisikia jambo hilo likitajwa kwa wepesi ule. Mpini akaufanya wa mti, mnene kuliko nilivyotarajia.

Ala ilimchukua muda mrefu kuliko kisu. Nilimwonyesha kwa ishara: juu chini. Aliilowesha ngozi, akaishona juu ya kisu chenyewe ili ikikauka ikibane. Tukangoja kwa kunywa chai. Alasiri akaivaa yeye kwanza, akasimama, akaruka mara tatu, vumbi likatimka. Kisu hakikutoka. Akakivuta kwa vidole viwili, kikatoka. Kijana akaangua kicheko na mimi nikamfuata. Nilipotaka kuifunga ala kwa ukanda wa ngozi, mzee akakataa, akanipa uzi mwembamba, akauvuta kwa nguvu mbele yangu mpaka ukakatika, kisha akakata mwingine wa namna ile ile. Nikaelewa bila mfasiri: kitu cha shingoni sharti kikatike kikinasa, kisije kikamnyonga mwenyewe. Ndiyo maana baba alitumia uzi wa nyavu uliochakaa, na sisi tulidhani ni ufukara.

Nilimlipa alichotaka, nikamwongezea mfuko mdogo wa karafuu za Pemba. Aliinusa, akatia moja kinywani.

Safari ya kurudi kisu kililala ndani ya sanduku, kwani bandarini hakiruhusiwi shingoni, nami siwalaumu. Nyumbani nakipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa. Springi ya gari haina urafiki na bahari. Ala nimeizoesha jua. Uzi nimeubadilisha mara mbili.

Jioni ya kwanza nyumbani nililikandamiza chungwa mezani kwa kiganja cha kulia. Kushika hakiwezi, ila uzito kinao. Nikavuta kwenda chini. Nilimenya vibaya, nyama nyingi ikaenda na ganda, na ilinichukua muda wa kutosha mama watoto kuingia, kutazama, na kutoka tena bila neno. Baadaye nilimpelekea kipande jikoni. Alikila amenipa mgongo, akasema kina chumvi. Alikuwa akilia, wallahi, na mimi nilijifanya kuamini kuwa kosa ni la chungwa.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa washairi, pokeeni ubeti mmoja, ulioandikwa kwa mkono wa kushoto:

Kisu nimekipokea, kimetulia shingoni,
Mkono ulolegea, haufiki kiunoni,
Wa pili umezoea, kazi zote za nyumbani,
Chungwa nimejimenyea, sikumwita mtu ndani.