Mguu hauuzwi dukani!

Mwenzenu nusura nimlemaze mtoto wa dada yangu kwa ubishi tu.

Pikipiki yangu, Yamaha DT 125, ilinizimikia Mvumi. Fundi yuko Dodoma mjini, kama kilomita 40 hivi. Nikakodi pikapu. Vijana wanne wakainyanyua mzobemzobe, nikaisimamisha kwa stendi yake, nikamwambia mpwa wangu akae nyuma aishikilie.

"Mjomba, hatufungi kamba?"

"Kamba ya nini? Wewe si mwanaume?"

Korongo la kwanza tu, puu! Kisha yowe. Chuma cha kilo 100 na ushei kimemlalia mguu. Mungu si Athumani, mfupa haukuvunjika.

Dereva, mzee wa Kigogo, hakufoka. Alifunga koki ya petroli, akaisogeza pikipiki mpaka tairi la mbele likagusa ukuta wa kebini, akatia gia ya kwanza, akakunja stendi. Akafunga kamba mbili kwenye usukani, kulia na kushoto, akazivuta mbele na chini mpaka shokapu zikabonyea. Nyingine mbili nyuma. Njiani akawa anasimama kuzikaza.

"Siku nyingine turudishe gari kwenye tuta, tuweke ubao, tuisukume," akasema. "Na nyuma asikae mtu."

Mpwa wangu alikaa mbele, mguu juu ya mapaja yangu. Hakunisemesha mpaka mjini.

Msomaji, kamba ya manila dukani ipo. Mguu je?