Thumuni ya Bibi

Pwani kwetu neno thumuni lina maana mbili. Kwa wazee waliotumia shilingi ilipokuwa shilingi, thumuni ni senti hamsini, sarafu ambayo leo hata mtoto mdogo hainami kuiokota. Kwa maalim anayegawa mirathi, thumuni ni fungu moja katika mafungu manane, nalo ndilo haki ya mjane ambaye mumewe ameacha watoto. Mwaka 2017, siku ya arobaini ya Babu, Bibi yangu mzaa mama aliambiwa kwamba katika shamba fungu lake ni thumuni. Akauliza, "Ile ya kununulia kiberiti?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukaipita Tegeta na Bunju, unaingia Mkoa wa Pwani pale Mapinga. Ukiendelea kuna Kerege, Zinga, Kiromo, na mbele ndio mji wenyewe. Shamba letu limo humo njiani, upande wa baharini, katika kijiji nisichokitaja kwa sababu wajomba zangu nao ni watu wa kusoma. Wanaoandika habari za Bagamoyo huandika juu ya watumwa, juu ya misheni ya mwaka 1868, na juu ya Wajerumani waliohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Ni haki yao. Ila ukisoma sana utadhani baada ya 1891 watu wote walifunga virago wakaondoka. Wapo waliobaki wakipanda minazi.

Babu hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mkwere wa upande wa Lugoba, na ujana wake aliumalizia Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, akiwa manamba. Katikati ya miaka ya sitini kamba za nailoni zikaingia, bei ya mkonge ikaporomoka, na vibarua wakaanza kupunguzwa. Babu akashuka pwani mwaka 1965 akiwa na blanketi moja na panga. Mwaka uliofuata akamuoa Bibi, Mzaramo, msichana wa miaka ishirini. Pori la kuanzia maisha hawakulinunua, walipewa na mjomba wake Bibi. Hapa nitulie kidogo, kwa sababu fitina yote imeanzia hapa. Wazaramo na Wakwere wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli. Kwa hiyo ardhi ile iliingia ndani ya ndoa kwa mlango wa Bibi. Lakini miaka ilipopita, karani wa kijiji alipokuja na daftari akauliza mwenye shamba nani, aliandika jina la mwanamume aliyesimama mlangoni.

Kiambo chao kilikuwa cha kawaida: nyumba ya fito na udongo, paa la makuti, jiko la nje, mwembe mmoja, kisima cha maji ya chumvichumvi. Mihogo na kunde zilianza kuliwa mwaka huohuo. Mnazi ni habari nyingine. Wewe uliyezaliwa Sinza unaijua nazi ikiwa sokoni, imeshafuliwa. Mnazi wetu wa asili, ule mrefu, unataka miaka sita hadi minane ndipo uzae, halafu huzaa mpaka aliyeupanda amezeeka au amekufa. Kwa hiyo kijana aliyepanda mnazi mwaka 1966 alikuwa anakula mihogo huku akisubiri 1973.

Na 1973 ilipofika, minazi ya kwanza ikiwa imeanza kutoa vidaka, likaja jambo. Mwezi Novemba mwaka huo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Mwaka 1974 zamu ya kina Babu ikafika. Wakaezua makuti yao wenyewe, wakabeba milango kichwani, wakajenga upya karibu na barabara, mwendo wa saa nzima kutoka shambani. Mnazi hauhamishwi. Kiambo kikawa mahame.

Mwaka huo mvua nazo zilikuwa zimekataa. Nchi ikaagiza mahindi kutoka nje, na unga wa njano ukagawiwa, ule watu waliouita Yanga, na Bibi anasema mpaka leo akiona jezi ya timu hiyo tumbo humcheza. Babu alichaguliwa balozi wa nyumba kumi. Akawa mtu wa mikutano, na wa shamba la kijiji, mikorosho ya wote. Sisemi kwa kumkashifu, alikuwa akifanya alichotakiwa kufanya. Lakini kila alfajiri aliyekuwa akitembea saa nzima kwenda mahameni alikuwa Bibi, mtoto mgongoni, nazi mbegu kichwani. Alikuwa akipalilia minazi ya zamani, akichimba mashimo mapya, akifukuza nguruwe pori, jioni anarudi na kuni.

Mistari yake aliipa majina. Ule wa 1974 na 1975 ni Mstari wa Njaa, minazi 31. Mwaka 1978 Babu, aliyekuwa mgambo, aliitwa vita vya Kagera, akarudi mwaka uliofuata akiwa mkimya zaidi. Muda ule Bibi alipanda Mstari wa Vita, minazi 22. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni na sukari zilipokuwa za kupanga foleni, alipanda Mstari wa Foleni, minazi 40, na anadai foleni ile ya shambani ndiyo pekee aliyoijua mwisho wake. Kisha Mzee Mwinyi akaingia mwaka 1985, biashara zikafunguliwa, na Bibi akapanda Mstari wa Ruksa, minazi 33. Wakati huo walikuwa wamekwisharudi kiamboni, kama wengi walivyorudi kimyakimya, bila tangazo la mtu yeyote.

Fedha iliyosomesha watoto watano ilitoka hapo. Minazi huangushwa mara nne kwa mwaka, mkwezi analipwa kwa mti. Lakini Bibi hakutegemea nazi tu. Alisuka makuti. Hoteli za kitalii zilipoanza kuota ufukweni miaka ya tisini, zote zikataka kuezekwa makuti ili mgeni ajione yuko pwani. Mama yangu alisoma darasa la saba lote chini ya fedha ya makuti, na vidole vya Bibi mpaka leo havinyooki.

Basi Babu akafa, na shamba likawa karatasi.

Ili uelewe joto lililokuwepo, kumbuka kwamba mwezi Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar es Salaam, ulisainiwa mkataba wa kujenga bandari kubwa Bagamoyo. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Kati ya miaka hiyo miwili madalali walizaliana kama kumbikumbi. Kiwanja ambacho mtu alikuwa akikipima kwa hatua sasa kilipimwa kwa futi. Mjomba mkubwa alipata mteja wa shamba zima. Nisimfanye kuwa adui wa hadithi, maana riwaya mbaya ndivyo zinavyofanya. Huyu ndiye aliyelipa gharama zote za ugonjwa wa Babu, alikopa, na wadeni walikuwa wakimpigia simu mpaka msibani. Mteja alitaka saini za warithi wote, na fungu la Mama yangu peke yake lingetosha kunilipia chuo. Mimi nilikuwa namaliza kidato cha nne mwaka unaofuata. Mama aliniambia bei jikoni, kwa sauti ya chini, kisha akaniangalia usoni muda mrefu.

Bibi akaomba kitu kimoja tu: kabla ya kugawa, minazi ihesabiwe, na mimi niandike. Kwa utani wetu wa pwani mjukuu ni mume, kwa hiyo aliniita mbele ya watu wote, "Mume wangu, lete daftari." Daftari nililokuwa nalo lilikuwa la riwaya yangu ya kwanza, ambayo wahusika wake wote wanakaa Masaki na wanaendesha magari. Nikaligeuza, nikaanzia nyuma.

Tulihesabu siku mbili. Bibi mbele na fimbo, mzee mkwezi aliyekwea minazi ile tangu ujana wake akiwa shahidi, maalim nyuma akiwa amekunja kanzu. Jumla ilikuwa 197. Mitano kati yake ilipandwa juu ya vitovu vya watoto, mmoja kwa kila aliyezaliwa, na Bibi alisema hiyo haina mjadala, ni ya wenyewe. Mjomba mkubwa alipofika kwenye wa kwake akaugusa, kisha akajifanya anatoa siafu kwenye suruali.

Baada ya hapo maalim akaketi juu ya mkeka na kutueleza jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia vizuri. Mirathi, alisema, ni mali ya marehemu. Kwanza hutolewa mazishi, madeni na wasia, na kitu cha mtu mwingine hakiwi mirathi hata kikiwa ndani ya nyumba ya marehemu. Akamgeukia mkwezi. "Mistari hii minne, nani aliipanda?" Mkwezi akajibu, "Mimi nilimuona mama huyu. Yule bwana, Mungu amrehemu, alikuwa mkutanoni."

Kwa hiyo 126 ikatoka, ni ya Bibi. Mitano ya vitovu ikatoka. Ikabaki 66, na kati ya hiyo miwili ilikuwa vigutu vitupu, imeliwa kichwa na chonga. Maalim akaandika 64 mchangani, akaanza kugawa kwa kidole. Thumuni ya mjane ni minazi minane. Iliyobaki 56, wana wa kiume watatu, kila mmoja 14, mabinti wawili, kila mmoja saba. Mama yangu akapata saba na wa kitovu chake. Bibi akauliza tena, "Kwa hiyo thumuni yangu ndiyo hiyo minane?" Maalim akasema ndiyo. "Na ile mingine?" Maalim akasema, "Ile ni yako, mama. Hukurithishwa na mtu."

Sasa msomaji usipige makofi. Mjomba mkubwa hakuwa mjinga, akauliza swali la maana: miti sawa, na ardhi je? Kwenye desturi ya pwani yetu mti na ardhi ni mali mbili. Mtu anaweza kuwa na minazi kwenye ardhi ya mwingine, na mwenye ardhi hana la kufanya mpaka mti ufe. Yeye alikuwa tayari kusubiri. Au aseme mteja yuko tayari kulipa fidia ya miti.

Nilikwenda kumuuliza dada mmoja anayetoa msaada wa kisheria mjini. Akanionyesha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161: mwenzi aliyetia nguvu zake katika kuzalisha na kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenziwe, kwa nguvu hizo naye huhesabiwa kuwa na haki katika ardhi hiyo. Akanisimulia pia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa talaka, sio kifo. Na Bi Hawa mwenyewe, pamoja na kuwafungulia wenzake mlango, hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha. Nilirudi na nakala, nikamsomea Bibi. Kwenye habari ya Bi Hawa akanyamaza, kisha akasema, "Maskini," akaendelea kusuka.

Saini ya Bibi haikupatikana. Ya Mama nayo haikupatikana. Alikunja ile karatasi mara nne akaiweka chini ya godoro, na mimi sikwenda chuo. Sisemi kwamba sikuumia. Nilibeba zege Bunju miezi kadhaa, na jioni nikipita na daladala nilikuwa nikiiangalia minazi ile kwa jicho baya. Wajomba walikubaliana kuuza kile kiwanja cha barabarani, cha nyumba ya 1974, kwa idhini ya wote, na deni la hospitali likalipwa karibu lote.

Mwaka 2019 Rais Magufuli aliisimamisha habari ya bandari, akisema masharti yake hayakubaliki. Madalali wakatoweka kwa wiki moja. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuifufua, wakarudi, wengine na magari mapya. Mjomba mkubwa naye amerudia swali lake la ardhi, ila siku hizi analiuliza akiwa ameketi, na akimaliza anakula.

Bibi amejibu kwa njia yake. Kama mwenye ardhi husubiri mti ufe, yeye anapanda katikati ya ile mikongwe, ili wa zamani ukianguka mpya uwe umeshasimama. Ana miaka karibu themanini. Mnazi hauna haraka, na yeye hana pa kwenda. Mstari huo ameuita Mstari wa Bandari. Nimeuandika kwenye daftari, ukurasa wa nyuma: miche 19. Mbuzi wa jirani wamekula mitatu, na Jumamosi nakwenda na miiba kuizungushia iliyobaki.